Ng'ombe Arobaini na Shangazi Mmoja

"Mtani wa marehemu yuko wapi? Kaburi linamsubiri mtani!"

Aliyepaza sauti ni mpwa wa marehemu, kijana mwenye shingo nene kama gogo la mbuyu, na watu wote waliokuwa pale Zuzu, ambao kwa macho yangu hawakupungua elfu kumi ingawa mwanangu anashikilia kwamba walikuwa mia mbili, wakaanza kunitafuta. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji, kama mbuzi aliyekula mboga za watu. Nilijua wananitaka kazi gani. Mimi Mgogo, marehemu Gaitani Mhehe. Babu zetu walichomana mikuki mpaka wakachoka, wakaona heri wajukuu wao watukanane tu, yaishe. Na kwa mkataba huo mimi na Gaitani tumetukanana tangu tukiwa na meno ya utotoni hadi tulipobaki na mapengo, na hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kununa. Hiyo ndiyo sheria yenyewe: mtani hanuni. Na mmoja akifa, yule aliyebaki ndiye anayeingia kaburini kwanza, analala humo, anagoma kutoka, anamwaga siri za marehemu zote, za kweli na za kutunga, mpaka wanaolia wacheke. Sasa, liko neno ambalo Mgogo hawezi kumzika Mhehe bila kulitamka, kama vile huwezi kupika ugali bila maji. Neno hilo ni mwizi wa ng'ombe. Mimi nilimwita Gaitani mla mbwa, nilimwita kichwa cha mhogo, nilimwita majina ambayo mke wangu akiyasikia alikuwa akiziba masikio ya watoto. Lakini mwizi sikumwita tena tangu tulipokuwa darasa la nne, mwaka ule wa sanduku la buluu, na leo nikiukumbuka mwaka ule mdomo wangu unajaa mate ya kutapika.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mwaka huo, pale stesheni ya Dodoma, watu wazima wenye ndevu zao walivunja behewa wakabeba sukari, nayo Serikali, baada ya kufikiri sana, ikagundua kwamba tatizo ni watoto wa shule. Ndiyo, sisi. Kutoka bomani ukaja mpango, umeandikwa kwa mashine, wa kulinda usalama wa wanafunzi na kuwakinga na uhalifu kabla hawajauanza. Bwana aliyeuleta alikuwa Mzungu mrefu kama nguzo ya simu, magoti mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kupita kiasi, kimepigwa pasi na kutiwa wanga. Alisimama mbele ya darasa letu akasema, "Enyi wavulana, je, mnajihisi mko salama?" Sisi tulikuwa hatujajihisi chochote isipokuwa njaa. Tukajibu wote kwa pamoja, "Ndiyo, Bwana!" Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaonekana amehuzunika kidogo, kama daktari aliyekuta wagonjwa wamepona.

Kitu cha kwanza cha mpango kilikuwa kamba. Kamba ya katani, ndefu, nasema bila kutia chumvi, kutoka shuleni hadi mwezini. Kila alasiri sisi tunaokaa mjini tulipaswa kuishika mkono mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, ili tusichepuke kwenda stesheni au sokoni, na mbele kabisa anaivuta kiranja wetu Joeli, mtoto wa kulekule mjini, kifua mbele, kana kwamba anaingiza jeshi Misri. Tukipita, wanawake wanaouza karanga wanapiga vigelegele: "Haya, mbuzi wa Serikali hao! Nani ananunua?" Gaitani, ambaye alishika kamba nyuma yangu kila siku, alikuwa anawajibu kwa kulia kama beberu. Alikuwa anakaa kwa mjomba wake, mfanyakazi wa genge la reli, amekuja kutoka Iringa kwa ajili ya kusoma tu. Na kusoma alisoma. Hesabu aliifanya kichwani huku akikuna mguu, sisi tukiwa bado tunatafuta kalamu. Alitaka kuwa stesheni masta. Alishaamua hata namna atakavyosimama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika bendera ya kijani, na mara nyingi alinilazimisha mimi niwe gari moshi. "Subiri wewe Mgogo," ananiambia, "mlenda umekujaa magurudumuni, hupiti stesheni yangu mpaka usafishwe." Mtihani wa kwenda shule ya kati ulikuwa miezi mitatu mbele. Alikuwa afaulu huyo. Hata Mwalimu Mkuu alisema hivyo, mbele ya watu.

Kitu cha pili kilikuwa sanduku. Lilikuwa sanduku la chai, limetoka duka la Mhindi mmoja karibu na soko, likapakwa rangi ya buluu na kutobolewa mdomo juu. Liliwekwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, chumba ambacho nikifumba macho bado nakinusa: mafuta ya taa, kaki iliyolowa jasho ikakauka ikalowa tena, majani ya chai ya jana, na popo waliokufa darini. Kila Ijumaa tulipanga mstari mlangoni. Unaingia peke yako, unatumbukiza karatasi yenye namba yako nyuma na jina la mwanafunzi unayemwona anaelekea kwenye uhalifu na sababu yake, unatokea mlango wa pili. Na pale mlango wa pili, ndugu zangu, alikuwa amesimama Joeli na ndoo ya maziwa. Maziwa ya unga, yamekorogwa na maji ya vuguvugu, yana madonge kama macho ya samaki. Anakuchotea kikombe kimoja. Mpango ulisema mtoto mwenye afya haibi. Basi ndivyo tulivyofundishwa: tema jina, meza maziwa. Nimeona mambo mengi machafu duniani, nimefanya kazi machinjioni miaka minne, nimezibua vyoo vya hospitali, lakini sijaona uchafu uliokuwa mweupe namna ile.

Mwanzoni tulitumbukiza karatasi tupu. Ijumaa ya pili Mwalimu Mkuu akazimwaga mezani mbele yetu. "Karatasi tupu," akasema, "ni uhalifu. Anayejificha anamficha mwenzake." Viboko vinne kila mmoja. Joeli mwenyewe hakuchapwa, maana yeye alikuwa ameandika majina sita, pamoja na la binamu yake. Baada ya hapo kila mtu akaanza kuandika. Ulikuwa unaona kabisa darasa linaoza. Watu waliokuwa wakigawana muwa sasa wanatafuna kila mmoja pembeni, jicho limetoka. Ukicheka, mtu anakutazama kama anakupima. Nilikaa na kipande cha karatasi Alhamisi nzima nikijiuliza nimwandike nani. Sikutaka kumdhuru mtu. Nawaapia, nilifikiri kwa bidii kuliko nilivyowahi kufikiri hesabu yoyote, na mwisho nikampata mtu mmoja tu ambaye nisingeweza kumdhuru hata nikitaka, kwa sababu neno langu juu yake lilikuwa halihesabiki tangu enzi za babu. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: Gaitani Mhehe ameiba ng'ombe arobaini na shangazi yangu mmoja. Nilicheka peke yangu. Nilimwonyesha nani? Sikumwonyesha mtu. Nilijua Mwafrika yeyote atakayesoma atacheka, atajua ni utani, na mimi nitakuwa nimeandika bila kuandika.

Ijumaa ile nikatumbukiza, nikapokea kikombe changu, nikanywa. Ijumaa iliyofuata Joeli akanijazia, nikanywa, akanijazia tena. "Mwalimu Mkuu kasema wewe uongezewe," akaniambia, huku ananitazama kwa heshima ambayo sikuizoea. Sikuuliza kwa nini. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri: sikuuliza. Nilikuwa na njaa, na kikombe kilikuwa kimejaa, na nilikinywa chote, nikalamba na ukingo.

Jumatatu nilichelewa, nikapewa adhabu ya kung'oa mbigili chini ya dirisha la ofisi. Mbigili za Dodoma si mimea, ni misumari yenye mizizi. Nilikuwa nimepiga magoti pale, vidole vinatoka damu, nikasikia vikombe vinagongana ndani. Bwana alikuwa amekuja kuchukua orodha. Nikanyanyua kichwa kidogo, nikaona meza, chai, biskuti, na nzi mkubwa anaogelea kwenye jagi la maziwa.

"Na huyu wa tano, Mwalimu," Bwana akauliza kwa kile Kiswahili chake cha pasi, "ushahidi wake ni upi?"

"Ng'ombe, Bwana."

"Wangapi?"

Nilisikia kalamu inagongagonga meza.

"Kadhaa, Bwana," akasema Mwalimu Mkuu.

Shangazi yangu hakutajwa kabisa.

"Ana umri gani?"

"Miaka kumi na mitatu, Bwana."

"Ni mapema mno kuanza ng'ombe."

"Ndiyo maana tunakinga, Bwana, kabla hajafika mbali."

"Kwao ni wapi?"

"Iringa. Hapa ni mgeni."

"Vema sana," Bwana akasema, na nikasikia anatafuna biskuti. Mwalimu Mkuu akamtoa yule nzi kwa kidole, akamfuta kwenye suruali, akamimina maziwa kwenye chai yake, akanywa.

Alipoondoka Bwana niliingia ofisini bila hata kunawa damu. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa Kondoa, mnene, mcheshi, mwenye kupenda kusimulia hadithi. Hakuwa shetani. Laiti angekuwa shetani, leo ningekuwa na mtu wa kumlaani nikalala usingizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una nini? Mbona unatetemeka kama umemeza mjusi?"

"Ile karatasi, Mwalimu. Ya ng'ombe arobaini. Ulikuwa utani. Gaitani ni Mhehe, mimi Mgogo."

Akacheka. Alicheka mpaka tumbo likasukuma meza. "We mtoto, unadhani mimi nimezaliwa Ulaya? Ng'ombe arobaini na shangazi! Nilipoisoma nilimwaga chai. Nilimsomea na mke wangu."

"Basi mtoe, Mwalimu."

"Nimtoe nimweke nani? Bwana anataka majina matano kila shule, ya watoto wa kurudishwa kwao kabla hawajaharibika na mji. Hapa nilikuwa na manne. Shule zenye majina machache zinaambiwa walimu wake wamelala."

"Niandike mimi."

"Wewe kwenu wapi?"

"Msalato."

"Sasa nikurudishe Msalato! Utatembea, utakuwa hapa kabla uji haujapoa." Akavuta orodha, akachovya kalamu kwenye wino, akaishikilia juu ya jina la Gaitani. Sauti yake ikawa ya upole, ya mjomba. "Nisikilize. Gaitani ana akili, hata mimi ananiuma. Nitajie mtu mwingine wa kuja, mmoja tu, na huyu namfuta sasa hivi."

Kulikuwa na mtoto mmoja anaitwa Bakari, mdogo, mpole, wa upande wa Chemba, ambaye lugha ya kwao ina milio ya ulimi, na sisi tulikuwa tukimlazimisha agonge ulimi kama komeo la mlango ili tucheke. Hakuwa na rafiki. Hakuwa na mtu wa kumwulizia. Jina lake lilitoka tumboni, likapanda kooni, likafika mpaka kwenye meno. Tone la wino likadondoka kwenye karatasi. Mwalimu Mkuu akangoja, akinitazama kwa huruma kabisa. Nikalimeza. Mpaka leo sijui kama nililimeza kwa wema au kwa kukosa pumzi, na nimejichunguza sana. Akaiweka kalamu chini. "Basi hatuna la kufanya," akasema, "nenda kamalizie mbigili."

Lori la Iringa liliondoka Jumatano asubuhi, jua limeshapanda, mbele ya darasa zima tukiwa tumeshika kamba, maana Bwana alitaka tuone na tujifunze. Mjomba wake Gaitani alikuja na nguo zake za kazi, spana bado iko kiunoni, anauliza kila mtu kwa adabu, "Lakini amefanya nini? Naomba kujua, amefanya nini?" Askari akamwambia hajafanya kitu, ndiyo kwanza anazuiwa asifanye. Yule mzee akili yake ikahangaika kutafuta pa kushika katika jibu lile, hapapati. Gaitani alikuwa juu ya magunia, amevaa shati la shule, vifungo vyote vimefungwa. Niliiachia kamba. Joeli akapiga kelele, "Kamba! Shika kamba wewe!" Nikakimbia mpaka kwenye lori.

"Ni mimi niliyeandika," nikamwambia. "Niliandika umeiba ng'ombe arobaini na shangazi. Ilikuwa utani. Wameichukua kweli."

Nilitaka anipige. Nilitaka ateme mate, anitukane tusi la kweli, linalouma, la watu wasiotaniana. Alinitazama, na nikaona kidevu chake kinacheza kama cha mtu mwenye homa. Halafu akafungua mdomo akacheka. Alilazimika. Mtani hanuni.

"Arobaini tu?" akasema. "Umenipunja, Mgogo. Na yule shangazi yenu mwambie nitamrudisha, anakoroma."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Askari akacheka. Lori likaondoka, na yeye anacheka meno yote nje, amekamata ubao wa nyuma kwa mikono miwili, na kile kicheko ndicho kitu cha kuchukiza kuliko vyote nilivyovisikia duniani, kwa sababu kilikuwa zawadi, na mimi sikustahili hata kukisikia.

Mimi nilirudi kutumbukiza karatasi tupu. Ijumaa viboko vinne, Ijumaa viboko vinne, matako yangu yakawa magumu kama ngoma ya Kigogo, na maziwa yao nikayaacha kwenye ndoo. Mtihani ulipofika nilishaacha shule. Cheti changu nilikipata baadaye sana, masomo ya jioni, nikiwa na mke na mvi tatu, na nakwambia hakuna aliyefaulu kwa mbwembwe kuliko mimi. Nilikining'iniza ukutani mahali ambapo hata ng'ombe akiingia angekiona. Mpango wenyewe ulizimika wenyewe, Bwana akahamishwa, sanduku likawa kiota cha kuku wa Mwalimu Mkuu. Nasikia taarifa ya Bwana ilisema umefanikiwa, kwamba baada ya wale watano kuondolewa, hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeibwa na mwanafunzi. Ni kweli. Wala kabla. Na tangu mwaka ule mimi, Mgogo, mtoto wa watu wanaowabatiza watoto kwa maziwa kabla ya maji, sijayaonja. Mama yangu alidhani nimerogwa.

Gaitani alirudi akiwa mtu mzima, akaandikishwa genge la reli kama mjomba wake, akapangiwa Zuzu. Miaka yote ya kazi alikaza misumari ya reli, na gari moshi likipita anasimama pembeni, mkono mmoja mgongoni. Sikuwahi kumwuliza kuhusu mkono ule. Tulitaniana kila tulipoonana, na kila mara alinipa nafasi. "Mtani, leo hujanimaliza," ananiambia. "Kuna neno umeniwekea akiba." Mimi namwita mla mbwa, tunacheka, tunakwenda zetu.

Basi mpwa wake akanikuta nyuma ya tangi, akanishika mkono, "Mzee, watu wanakusubiri wewe." Kabla ya hapo Joeli, ambaye sasa ana tumbo la Mwalimu Mkuu na alipata kuwa diwani, alikuwa ameshahutubia. Alisema vijana wa siku hizi wameharibika kwa sababu hawana malezi. Sisi tulilelewa kwa kamba, alisema, tulichungwa, tulikunywa maziwa shuleni, ndiyo maana hata marehemu alikuwa mtu mwema asiye na doa. Waombolezaji wakaitikia, kweli, kweli. Nikashuka kaburini na miguu yangu ya uzee, udongo mwekundu unanimwagikia shingoni, nikalala chali, nikaangalia nyuso zimenizunguka juu, zinangoja neno. Niliona bora niliseme lote.

"Huyu mtu hakuwa mwizi!" nikapiga kelele. "Mnanisikia? Gaitani hakuiba ng'ombe hata mmoja! Mimi ndiye niliyemwandika! Alikuwa awe stesheni masta, mimi nikamwandika, na huyo Joeli hapo akanipa vikombe viwili vya maziwa!"

Walicheka. Mungu wangu, walicheka! Walishikana mabega wasianguke. Mgogo kukataa kwamba Mhehe ni mwizi! Hawajawahi kusikia utani mtamu namna hiyo tangu waumbwe. Joeli alicheka mpaka miwani ikadondoka karibu na mguu wangu. "Na machozi anatoa!" mtu mmoja akapiga ukelele. "Hebu muoneni, na machozi anatoa kabisa!" Nikapiga kelele zaidi, "Nasema kweli!" na hapo ndipo walipokaa chini kwa kicheko. Wakanitoa kwa kunivuta mikono miwili, wakanifuta udongo, wakanipeleka kwa mjane wa Gaitani, Mama Anyesi, aliyekuwa hajacheka wala kula siku tatu. Sasa alikuwa anacheka, shavu limelowa, mbavu amezishika.

"Ahsante, shemeji," akaniambia. "Angekuwepo angefurahi huyo. Alikuwa akisema siku zote, Mgogo wangu ananifichia neno." Akanipa kibuyu cha maziwa mgando, cha mtani, kama ilivyo desturi. Nikakitazama. Nimesema neno juu ya Gaitani, nimepewa maziwa. Na huwezi kumkatalia mjane kibuyu alichokushikia kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka mwisho.

Akakichungulia ndani, akafurahi, akauliza kama aniongezee.

"Niongezee," nikasema, na nikacheka.